Walionyimwa vyumba, wakachukua barabara

Nilikuwa na miezi mitano tu London nilipokwenda kanivali ya Notting Hill kwa mara ya kwanza, na nilidhani nyomi naijua. Mimi mtu wa daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni, nani wa kunitisha? Jumatatu ile ya mwisho wa Agosti ilinishikisha adabu. Stesheni ya Ladbroke Grove imefungwa kwa kuhofia msongamano, maduka yamepigiliwa mbao, wenyeji wanatoza watu pesa kuingia vyooni mwao. Ukiinua mguu, pa kuurudishia hapapo tena. Likapita lori lenye spika zilizopangwa kunishinda kimo, kifua kikaanza kutetemeka, na mama mmoja wa makamo aliyevaa manyoya ya rangi ya embe akaniona nimesimama kama mtu aliyeingia arusi isiyo yake. Akanisukuma begani nicheze. Nikacheza.

Baadaye ndipo nilipojua kilichoizaa ngoma ile.

Tarehe 22 Juni 1948 abiria wa meli Empire Windrush walishuka bandari ya Tilbury, mamia kwa mamia wakiwa wametoka visiwa vya Karibiani. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na upungufu wa wafanyakazi, na watu hawa pamoja na waliowafuata wakaendesha mabasi na kuuguza wagonjwa. Kazi walipata. Vyumba ndiyo ilikuwa kasheshe, kwani madirishani vilining'inia vibao vya kusema watu weusi hawapokelewi. Wengi wakaishia Notting Hill, mtaa uliokuwa wa mafukara wakati huo, wakipanga vyumba vibovu kwa kodi ya kukomoa. Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa Kizungu yakaanza kuwawinda barabarani usiku, na fujo zikaendelea siku kadhaa.

Hapo ndipo anapoingia Claudia Jones. Alizaliwa Trinidad mwaka 1915, akakulia New York, akafungwa Marekani kwa ukomunisti wake, kisha akafukuzwa nchini humo, akafika London mwaka 1955. Mwaka 1958 alianzisha gazeti la West Indian Gazette. Jibu lake kwa fujo zile lilikuwa ngoma: tarehe 30 Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras, aliandaa kanivali ya Kikaribiani, na BBC ikairusha kwenye televisheni. Ilifanyika ndani kwa sababu Januari ya London si ya kutembea na manyoya. Sehemu ya mapato ilitengwa kulipia faini za vijana walioshtakiwa kwa fujo zile, weusi kwa weupe. Miezi minne baadaye, Mei 1959, Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu akafa kwenye mtaa ule ule wa Notting Hill.

Barabarani ngoma ilitoka mwaka 1966. Rhaune Laslett, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliandaa tamasha la watoto wa mtaa bila kujali asili zao, akamwalika Russell Henderson na wenzake wapige ngoma za chuma. Henderson alipoona sherehe imepoa, alijining'inizia ngoma yake shingoni akaanza kutembea. Watu wakamfuata. Wapo wanaobishana mpaka leo nani mwanzilishi wa kweli, Jones au Laslett. Mimi naona mtoto huyu ana mama wawili, na hakuna ubaya.

Ngoma ile ya chuma nayo ina kisa chake. Huko Trinidad, watumwa walioachwa huru mwaka 1838 waliigeuza kanivali ya mabwana zao wa Kifaransa kuwa uwanja wa kuwakejeli, kama beni ya pwani yetu ilivyoigiza magwaride ya wakoloni. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilichukia. Mwaka 1881 polisi walipambana na wachezaji mjini Port of Spain, na miaka michache baadaye ngoma za kuwamba zikabanwa kwa sheria. Watu wakagonga mianzi chini, wakahamia kwenye makopo na vifuniko, na kufikia miaka ya 1940 wakawa wanayaponda mapipa ya mafuta mpaka yatoe noti za muziki. Bendi yao ilipozuru London mwaka 1951, mmoja wao, Sterling Betancourt, hakurudi. Alikuwa pamoja na Henderson siku ile ya 1966. Na pipa hilo hilo, likipasuliwa katikati, ndilo jiko la kuku wa Kijamaika anayefukiza mtaa mzima.

Polisi wa London nao hawakuipenda kanivali. Mwaka 1976 walimwagwa askari wapatao 3,000, vijana weusi waliochoka kupekuliwa ovyo wakawarushia mawe, na askari wakajikinga kwa vifuniko vya mapipa ya taka. Zaidi ya 100 kati yao walipelekwa hospitalini. Kila mwaka tangu hapo husikika sauti za kutaka kanivali ihamishiwe bustanini. Kuihamishia bustanini ni kuiua, maana kilichogombewa tangu 1958 ni barabara.

Ukienda, shukia stesheni ya Westbourne Park, beba maji, simu iweke mfuko wa mbele. Saa 9 alasiri muziki wote huzimwa kwa sekunde 72, moja kwa kila aliyekufa katika moto wa jengo la Grenfell, jirani na hapo, mwaka 2017. Nyamaza nao.