Adui Kiporo

Watazamaji wa muvi zilizotafsiriwa hawakumsubiri mtaalamu awape istilahi. Shujaa wanamwita steringi, anayepambana naye wanamwita adui, na kanuni ya kwanza ya kibanda umiza inajulikana kuanzia Kariakoo hadi Jorodom, chini ya Mlima Hanang: steringi hafi. Kanuni ya pili haikuhitaji kutamkwa, kwa sababu kila muvi iliitimiza yenyewe: adui lazima afe, na akifa muvi imekwisha.

Muvi za mashujaa kutoka Marekani zimeivunja kanuni hiyo ya pili. Adui anapigwa, anaanguka, majina ya waigizaji yanaanza kupanda kwenye kioo, halafu picha inarudi na kutuonyesha mwingine, au yuleyule, akiwa mzima katika ulimwengu wa pili. Jambo hili linahitaji majina ya Kiswahili, na ninaamini majina hayo tunayo tayari.

Tuanze na ulimwengu wenyewe. Wamarekani wanasema multiverse, wakimaanisha kwamba pana dunia nyingi zinazokwenda pamoja, kila moja ikiwa na watu walewale wenye maisha tofauti. Wapo wanaosema ulimwengu sambamba, na hawajakosea. Mimi nalipenda zaidi neno malimwengu. Kisarufi ni wingi wa ulimwengu. Kimatumizi lina uzito zaidi: mtu akifikwa na makubwa asiyoyatarajia, wenzake humwambia, “Ndiyo malimwengu hayo.” Neno moja limebeba idadi na misukosuko. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022, ambamo mchawi Wanda anavamia dunia nyingine kuwafuata watoto ambao kwake hawapo, ni hadithi ya malimwengu kwa maana zote mbili.

Wala fikra ya kuwapo upande mwingine si ngeni Mbulu na Hanang. Katika imani ya jadi ya Wairaqw, Lo’a yuko juu, ni mwema, na anahusishwa na jua. Neetlang wako chini, kwenye chemchemi na mito, nao huogopwa. Binadamu anaishi katikati, akichunga mipaka. Aliyekulia kwenye masimulizi hayo hahitaji darasa la fizikia ili aelewe kwa nini mambo huharibika mlango wa upande wa pili unapoachwa wazi.

Neno la pili ni la watu wanaofanana. Katika Spider-Man: No Way Home, iliyotoka Desemba 2021, wanakutana Peter Parker watatu: Tom Holland, Tobey Maguire na Andrew Garfield. Sisi watu wawili wenye jina moja wakikutana huitana wajina, na wito huo huleta undugu papo hapo, hata kama hawajawahi kuonana. Ndivyo inavyokuwa kwa vijana hao watatu: kila mmoja ana majonzi yake, lakini jina linawapa haki ya kufarijiana. Kwa hiyo hata Kang, adui tutakayekutana naye mbele, aliye katika dunia hii na Kang aliye katika dunia ile ni wajina.

Uwajina huo ndio uliowapa watunga sinema uhuru mkubwa. Green Goblin wa Willem Dafoe alikufa katika muvi ya 2002, na Doctor Octopus wa Alfred Molina katika ile ya 2004. Wote wawili wamerudi 2021 bila kufufuliwa, kwa kuwa walinyakuliwa kutoka dunia zao kabla saa yao ya kufa haijafika. Miezi michache kabla ya No Way Home, Julai 2021, tamthilia ya Loki ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Mzee anayelinda mkondo mmoja wa wakati, naye ni mmoja wa hao akina Kang, anamwonya Sylvie, wajina wa kike wa Loki, kwamba akimuua, watakuja wajina zake walio wabaya kuliko yeye. Sylvie anamchoma upanga. Hapo kifo cha adui kikawa tangazo la muvi zijazo.

Sasa huyu adui aitweje? Adui ni neno la uhusiano: ukilitaja, msikilizaji anataka kujua ni adui wa nani. Jambazi ni mtu wa uhalifu, anafaa muvi za benki na bastola. Nduli ni neno zito zaidi, na Watanzania wa umri fulani hawawezi kulisikia bila kukumbuka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, lilipoambatanishwa na jina la Idi Amin hadi likawa kama cheo chake. Thanos, anayepiga kidole katika Avengers: Infinity War ya 2018 na kufuta nusu ya viumbe vyote hai, anastahili kuitwa nduli. Lakini maneno yote haya yanaeleza ubaya wa mtu. Hakuna linaloeleza kazi yake ya pili, yaani kubakizwa kwa ajili ya kesho.

Kwa kazi hiyo napendekeza adui kiporo. Kiporo ni chakula cha jana kilichobaki, kinachopashwa moto asubuhi na kuliwa na chai. Neno limekwisha kutoka jikoni: mashabiki wa Simba na Yanga wanajua mechi za kiporo, zile za ligi zilizosogezwa mbele timu ikiwa kwenye mashindano ya Afrika. Kutoka uwanjani kwenda kwenye sinema ni hatua ndogo. Hata wahenga walikwisha kuliona jambo lenyewe waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kinachobaki ndicho kinachoruhusu hadithi iendelee.

Lakini kiporo kina sharti, na ndiyo sababu nalipenda neno hili: chakula lazima kiwe kilipikwa kikaiva siku ya kwanza. Thanos alionekana mara ya kwanza mwaka 2012, mwishoni mwa The Avengers. Anainuka kwenye kiti, anageuza uso, anatabasamu, basi. Ni sekunde chache tu, na wala hazikupunguza kitu, kwa kuwa Loki, adui wa muvi ile, alikuwa amekwisha kushindwa na New York imekwisha kuokolewa. Watu walikula wakashiba, na kilichobaki kilisubiri miaka 6.

Ant-Man and the Wasp: Quantumania ya Februari 2023 ilifanya kinyume. Kang ndiye adui wa muvi yenyewe, Ant-Man na familia yake wanamshinda kwa tabu, kisha majina yanaanza kupanda na tunaonyeshwa uwanja uliofurika wajina zake, safu kwa safu, wakipiga kelele. Picha inatisha, ila inaurudisha nyuma ushindi tulioushangilia muda mfupi uliopita. Kama wapo wengi hivyo, aliyeanguka alikuwa na uzito gani?

Kilichofuata kinajulikana. Desemba 2023 mahakama ya New York ilimtia hatiani mwigizaji wa Kang, Jonathan Majors, kwa shambulio, na kampuni ya Marvel ikaachana naye. Muvi iliyokuwa imetangazwa kwa jina la Avengers: The Kang Dynasty ikawa Avengers: Doomsday. Julai 2024, San Diego, ilitangazwa kwamba adui mpya, Doctor Doom, ataigizwa na Robert Downey Jr., yuleyule aliyekuwa Iron Man tangu 2008. Muvi hiyo imepangwa kutoka Desemba 18, 2026. Adui aliyebakizwa kwa ajili ya mpango wa miaka mingi alitupwa hata kabla ya kupashwa moto.

Ninawaomba watafsiri wa muvi, warithi wa kazi ya Derrick Mukandala tuliyemjua kama Lufufu, wayachukue maneno haya wayajaribu mbele ya watazamaji: malimwengu, wajina, adui kiporo. Wao si wapitisha maneno tu. Wanaeleza, wanatahadharisha, wanamwambia mtazamaji amwangalie nani. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linaweza kusanifisha baadaye kile ambacho midomo ya watu imekwisha kukikubali. Na Doomsday itakapofika Katesh na Jorodom kwenye flashi, mtazamaji ataweza kuuliza, kwa lugha yake, swali linalostahili kuulizwa kila muvi ya namna hii: adui wa leo amemalizwa sawasawa, au tumelipa kiingilio cha kumsubiri wa kesho?