Masurufu ya Safari ya Hija Katika Historia ya Watu wa Pwani

Swala humpasa tajiri na maskini, na saumu humpasa kila mzima. Zaka huangalia mali iliyofikia kiasi chake. Ama hija, hiyo humpasa mwenye uwezo wa njia, na uwezo huo una mafungu mengi: afya ya kustahimili safari, amani ya njia, masurufu ya kwenda na kurudi, na chakula cha wale walioachwa nyumbani mpaka siku ya kurejea kwake msafiri. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, wanashurutisha deni litazamwe kabla ya nauli, wala hawamlazimishi mtu kukopa ili ahiji. Hesabu ya fedha, basi, ni sehemu ya sheria yenyewe ya ibada hii, na atakayeandika historia ya hija akaacha habari za mfuko wa haji atakuwa ameandika nusu ya habari.

Husikika mara nyingi barazani kwamba hija ya zamani ilikuwa nyepesi: mtu alipanda jahazi na kikapu cha tende, akaenda, akarudi. Maneno haya yana utamu lakini hayana ukweli. Wazee wetu walilipa hija kwa sarafu ambayo sisi leo hatunayo ya kutosha, nayo ni muda.

Tuziangalie pepo. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili na kuvisukuma vyombo kuelekea kaskazini. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo iliyovirudisha. Lakini mwezi wa Mfunguo Tatu haufuati pepo. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, na kwa hiyo msimu wa hija huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Palikuwa na miaka ambayo hija iliangukia Julai: haji akaondoka kwa kusi, akamaliza ibada zake, kisha akakaa miezi kadha wa kadha akingojea kaskazi ya kumrudisha. Palikuwa na miaka ambayo iliangukia Februari: akaondoka kwa kusi ya mwaka uliotangulia, akangojea hija huko huko Arabuni, na alipomaliza, kaskazi ilikuwa imekaribia kwisha. Akichelewa kidogo tu katika Jidda au Aden, alikwama mpaka kaskazi nyingine. Tena Bahari ya Shamu ina pepo zake zenyewe. Katika nusu yake ya kusini pepo hugeuka kwa majira, na wakati wa kiangazi cha kule huvuma kutoka kaskazini, zikamkabili nahodha usoni pale pale alipotaka kupanda kwenda Jidda.

Mwaka mzima, basi, na pengine zaidi, mtu alikuwa mbali na shamba lake, duka lake au chombo chake cha kuvulia. Ndiyo maana haji wa zamani hakusafiri na fedha taslimu peke yake. Sheria haikumkataza kufanya biashara njiani, na wengi walifanya. Boriti za mikoko zilihitajiwa sana katika nchi zisizo na miti, na msafiri mwenye shehena yake ndogo aliuza hapa akanunua pale, akajilisha. Wengine waliugeuza muda ule kuwa elimu. Habari za Kilwa zinasimulia kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, katika ujana wake aliondoka kwenda hija akakaa Aden miaka miwili akisoma, na aliporudi alimkuta ndugu yake Daud akishika utawala. Karne nyingi baadaye Sheikh Abdalla Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka kabla ya kuwa mwalimu mkubwa wa Unguja. Hasara ya muda ilikuwa na faida yake, na faida hiyo ilirudi chuoni na msikitini.

Hata wafalme waliweza kukosea hesabu. Mansa Musa wa Mali alipita Misri mwaka 1324 na dhahabu nyingi sana, akatoa na kununua mpaka thamani ya dhahabu ikashuka mjini Kairo, na al-Umari aliyeandika habari hizo anasema kwamba baada ya miaka kumi na zaidi soko lilikuwa halijapona. Jambo linalosahauliwa ni kwamba wakati wa kurudi mfalme huyo alikopa kwa wafanyabiashara wa Kairo kwa faida kubwa. Masurufu ya kwenda alikuwa nayo tele. Masurufu ya kurudi ndiyo yaliyompungukia.

Merikebu za moshi zilibadili mambo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kupeleka merikebu za barua kati ya Aden na Unguja. Safari iliyongojea pepo sasa ilingojea tarehe. Muda ulipungua, na nauli ikakaa mahali pake: kilicholipwa kwa miezi kilianza kulipwa kwa rupia na reale, kabla ya kuhesabiwa kwa dhamana. Gharama mpya zilizaliwa pia. Baada ya kipindupindu cha Makka cha mwaka 1865 kilichosambaa katika pande nyingi za dunia, serikali ziliwaogopa mahujaji, na mwaka 1882 dola ya Uthmaniya ilifungua karantini katika kisiwa cha Kamaran. Mahujaji waliotoka kusini walizuiliwa hapo, na karantini ina ada yake.

Wakati huo huo bandari ya Jidda ilijaa watu waliokata nauli ya kwenda tu. Wengi wao walikuwa maskini wa Bara Hindi, lakini msiba ule haukujua kabila. Serikali ya Kiingereza ya India iliipa kampuni ya Thomas Cook kazi ya uwakala wa safari za hija mwaka 1886, na hapo ndipo tunapouona mwanzo wa kile kinachoitwa leo kifurushi, yaani tiketi na huduma zikiuzwa pamoja na mtu mmoja. Mpango huo haukudumu hata miaka kumi. Miaka ya 1920 ikaletwa sheria ya kumtaka haji aweke amana au akate tiketi ya kurudi kabla hajapanda chombo. Kwa maoni yangu sheria hiyo, japokuwa ilitungwa na wakoloni kwa ajili ya kuokoa fedha zao, iliwafikiana na walivyosema wanavyuoni wetu karne nyingi kabla yake.

Aliyefika Jidda hakuwa amefika. Palikuwa na wakili wa bandarini, palikuwa na mutawwifu wa Makka mwenye kuwapokea wageni wa nchi yake aliyogawiwa, palikuwa na kodi ya nyumba, na palikuwa na ngamia. Jidda hadi Makka ilikuwa mwendo wa usiku mmoja au miwili; Makka hadi Madina siku kumi au zaidi, na njiani mabedui walidai haki yao kwa upole au kwa bunduki. Kabla ya mafuta kuleta utajiri, ushuru wa mahujaji ulikuwa pato kubwa la Hijazi, na Mfalme Abdulaziz aliufuta mwaka 1952 tu. Hapo ndege nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kuchukua mahujaji, na safari ya mwaka ikawa safari ya wiki.

Ndipo swali la fedha lilipokuwa zito zaidi kwa mkulima na mvuvi. Muda alikuwa nao. Fedha za mkupuo mmoja hakuwa nazo. Huku kwetu wengi waliuza minazi au kipande cha shamba, na watoto wakaja kuulizana kilikwenda wapi. Malaysia walikabiliwa na jambo hilo hilo. Mchumi Ungku Aziz aliona mwaka 1959 jinsi wanakijiji walivyoficha akiba chini ya godoro na kuuza ardhi kwa ajili ya hija, akapendekeza chombo cha akiba kisichokuwa na riba. Kikaanza kazi mwaka 1963, na leo kinajulikana kwa jina la Tabung Haji. Huo ni mfano ambao sisi tuliuchelewea mno.

Mkutano wa mawaziri wa nchi za Kiislamu uliofanyika Amman mwaka 1988 ulikubali kila nchi ipeleke haji mmoja kwa kila Waislamu elfu. Tangu hapo kibali kimekuwa na thamani sawa na nauli, na palipo na kitu adimu hapakosi mlanguzi. Mwaka 2024 walihiji watu zaidi ya milioni 1.8, na katika joto kali la mwaka ule walikufa watu 1,301. Serikali ya Saudia ilieleza kuwa asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali. Walitembea mwendo mrefu juani, bila ya hema wala mahali pa kupumzikia. Wengi wa namna hiyo huingia kwa viza ya matembezi, nayo haimruhusu mtu kuhiji.

Anayechagua msafara leo hana budi kuuliza maswali ambayo babu yake alimwuliza nahodha. Kibali ni cha hija? Nyumba ya Makka iko hatua ngapi kutoka Msikiti Mtukufu, au iko Aziziya, ambako ni rahisi kwa sababu ni mbali na haram japokuwa ni karibu na Mina? Chumba kina vitanda vingapi? Hema la Mina limo katika bei? Chakula cha siku za Mina na Arafa ni juu ya nani? Na hadyi, yaani mnyama anayempasa mwenye kuhiji kwa tamatui, imo au haimo? Wenye misafara wengine huitaja bei ya chini kwa kuiacha hadyi nje, na haji huijua habari hiyo akiwa amekwisha vaa ihramu. Msafara wa bei ya juu kidogo wenye majibu ya maandishi ni rahisi kuliko wa bei ya chini wenye majibu ya mdomo.

Fungu moja husahauliwa na karibu kila mtu, nalo ni zawadi. Haji wa jahazi alirudi na tasbihi, misala, udi na sanda iliyochovywa katika zamzam, vyote ndani ya kasha moja ambalo nahodha hakulipima. Haji wa ndege ana majirani wale wale wenye kungojea, lakini hurudi na dumu la zamzam la lita 5, na mizigo yake mingine yote hupimwa uwanjani, kila kilo inayozidi ikilipiwa.