Mtandao wa kukisia: namna ya kuiita "rollback" kwa Kiswahili

Guilty Gear XX Accent Core Plus R ni mchezo wa kupigana uliotengenezwa na Arc System Works ya Yokohama, Japani, na wahusika wake wamechorwa kwa mtindo wa anime. Uliingia kwenye kompyuta kupitia Steam mwaka 2015. Kwa miaka mitano kuucheza na mtu wa mbali kulikuwa kazi ya uvumilivu: vitufe vilichelewa kuitika, picha ziliganda, mapigo yaliyofanyiwa mazoezi kwa wiki nzima yalikosa wakati wake. Mwishoni mwa 2020 mchezo huohuo, wenye michoro ileile na wahusika walewale, ulibadilishiwa kitu kimoja kikubwa, yaani mbinu ya kuwaunganisha wapiganaji wawili kupitia intaneti, na watu waliokuwa wameutupa wakaurudia. Mbinu hiyo kwa Kiingereza inaitwa "rollback". Kiswahili kinachomjia mtu haraka mdomoni ni "kurudi nyuma" au "kurudisha nyuma". Hoja yangu ni kwamba jina hilo linapotosha, na mwenye kudhurika zaidi ni msomaji wa Butembo au Beni, huko Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, anayetaka kujua kama mchezo utachezeka kwa rezo (mtandao wa simu) aliyo nayo. Mfumo huu tuuite kwa kazi inayofanyika kila wakati, yaani kukisia, na neno lingine tuliweke kwa ajili ya tukio la mara mojamoja ambalo wasemaji wa Kiingereza wameligeuza kuwa jina la mfumo mzima.

Kwanza tuone kinachosafiri. Wapiganaji wawili wanapokutana mtandaoni, picha haitumwi. Kila kompyuta inaendesha pambano lake lote yenyewe, na kinachovuka ni habari za vitufe tu: huyu amebonyeza teke, huyu ameshikilia kinga. Sekunde moja ya mchezo imegawanywa katika picha 60, na kila picha, au fremu, hudumu milisekunde zisizofika 17. Habari za vitufe vya fremu moja ni data kidogo mno. Kwa hiyo mtu wa Butembo anayenunua mega nyingi akitumaini pambano litakuwa laini amelipia kitu kisichopungua. Mega ni kipimo cha wingi. Kinachoamua pambano ni muda wa safari. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Data ikitoka Butembo, ikapita Beni, ikavuka mpaka wa Kasindi, ikafuata Kampala na Nairobi hadi Mombasa, ambako nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka 2009, ni zaidi ya kilomita 1,600 za njia. Kwa hesabu ya mwanga peke yake hizo ni milisekunde 8 hivi, nusu ya fremu. Milisekunde nyingine zote za safari huliwa na minara ya simu, foleni kwenye vituo vya kati, na pakiti za data zinazopotea zikabidi zitumwe tena. Ndiyo maana rezo ya simu huumiza hata pale umbali unapokuwa mdogo: ucheleweshaji wake haukai mahali pamoja, sasa hivi ni mfupi, mara umekuwa mrefu.

Mbinu ya zamani inakabili hali hiyo kwa kungoja. Kompyuta haisogezi pambano mpaka habari za mpinzani zifike, na ili wote wawili waende sambamba, hata kitufe chako mwenyewe kinacheleweshwa kwa idadi ileile ya fremu. Katika Guilty Gear gharama yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Mapigo ya haraka kabisa huchukua fremu kati ya 3 na 5 kabla ya kugusa. Upo pia ujanja wa kukatisha pigo kwa kutumia robo ya akiba ya nguvu, ambao kwa kawaida hukubali katika dirisha la fremu 2 au 3 tu. Nje ya hapo ujanja haufanyiki. Mchezaji aliyeuzoea ujanja huo akiwa nyumbani anaujua kwa vidole, si kwa macho. Ukimwongezea fremu 6 za kungoja, halafu dakika ijayo zikawa 9 kwa sababu rezo imetetereka, umemnyang'anya alichojifunza.

Mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, mashindano ya michezo ya kupigana, alianza kutoa programu aliyoiita GGPO iliyogeuza mambo. Kompyuta isingoje, ikisie. Na inachokisia ni kitu chepesi kabisa: kwamba mpinzani bado anafanya alichokuwa akifanya katika fremu ya mwisho inayojulikana. Makisio hayo husibu mara nyingi kwa sababu vidole vya binadamu ni vizito kuliko fremu. Hata mtu akibadilisha vitufe mara 10 katika sekunde moja, katika fremu 50 zilizobaki vitufe vyake ni vilevile vya fremu iliyotangulia. Tuchukue mfano. Mchezaji wa Beni anapambana na wa Mombasa, na tuseme data inatumia milisekunde 67 kuvuka, ambazo ni fremu 4. Katika fremu ya 200 yule wa Mombasa, aliyekuwa amechutama akijikinga, anapiga teke. Kompyuta ya Beni wakati huo ina habari zake hadi fremu ya 196 tu, basi inakisia kwamba bado amechutama, na inachora fremu za 200, 201, 202 na 203 hivyo. Katika fremu ya 204 habari za teke zinafika. Kompyuta inaichukua hali ya pambano iliyokuwa imeihifadhi mwishoni mwa fremu ya 199, yaani mahali pa kila mhusika, uhai wake, akiba yake ya nguvu, hata mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ambayo mambo ya kubahatisha ya mchezo huanzia; inazitengua fremu nne ilizokisia vibaya; inazipiga hesabu upya zikiwa na teke ndani yake; kisha inaonyesha fremu ya 204, mguu ukiwa tayari hewani. Hayo yote hufanyika katika muda wa fremu moja. Mchezaji anaona mruko mdogo wa picha, au haoni kitu. Vitufe vyake mwenyewe havikungoja hata kidogo.

Hapo ndipo jina la Kiingereza linapotuponza. Neno hilo lilitumika kwenye hifadhidata kabla ya michezo kulichukua, na kule linafaa. Pesa ikitumwa kwa simu, ikakatwa kwa mtumaji lakini ikashindwa kumfikia mpokeaji, mfumo unapaswa kurudisha hesabu zote mbili zilivyokuwa na kuishia hapo. Kurudi ndiko mwisho wa kazi. Katika mchezo, kurudi ni hatua ya katikati isiyoonekana. Kazi ni kufika tena kwenye sasa, na haraka. Kuuita mfumo "kurudi nyuma" ni kuupa jina la kitu ambacho mchezaji haruhusiwi kukiona. Tena maneno hayo mawili yana kazi nyingine ndani ya ulingo. Kurudi nyuma ni kusukuma kitufe upande wa mgongo: ndivyo unavyojikinga, ndivyo unavyokimbia, na Guilty Gear humwadhibu anayerudi nyuma mno kwa kumpokonya akiba yake yote ya nguvu. Mwalimu akimwambia kijana wa Butembo kwamba mchezo huu una "mtandao wa kurudi nyuma", kijana ana kila sababu ya kuelewa vingine. "Mrejesho" nalo haliwezekani, maana huku Afrika Mashariki limekwisha kushikwa na maana ya maoni yanayomrudia mtu kuhusu kazi yake.

Ninapendekeza basi maneno matatu yanayokwenda pamoja. Mbinu ya zamani iitwe mtandao wa kungoja, na hii mpya iitwe mtandao wa kukisia. Tukio la kuondoa fremu zilizokosewa liitwe kutengua: fremu nne zimetenguliwa. Kitenzi hiki kina ubora ambao "kufuta" hakina. Kinachofutwa kimetoweka; kinachotenguliwa kilikuwa na nguvu kwa muda, kikaondolewa nguvu hiyo, na kingine kikakaa mahali pake, kama msomaji wa magazeti ya Tanzania anavyojua kutokana na habari za teuzi zinazotenguliwa. Pia kinatuachia "kukatisha" kwa ajili ya mbinu maarufu ya mchezo wenyewe, ile ambayo mpiganaji hulipa nusu ya akiba yake, au robo kwa ule ujanja wa dirisha finyu, ili aache pigo katikati na kurudi kwenye mkao huru. Tofauti ni ya msingi. Anayekatisha pigo habadilishi lililokwisha kutokea, maumivu aliyompa mpinzani yanabaki palepale. Anayetengua analifanya lililotokea kuwa halikutokea. Lugha inayotumia neno moja kwa mambo haya mawili itamchanganya mwanafunzi wake siku ya kwanza.

Kuna wa kupinga. Atakuwapo wa kusema tuache neno la Kiingereza lilivyo, tuliandike "rolibaki", kwa sababu kijana atalikuta kwenye menyu ya mchezo na shule yake ya Kifaransa haimpi jingine. Kulitambua kwenye menyu ni lazima, sikatai, na fundi atalihitaji. Lakini kulitambua neno na kuelewa jambo ni vitu viwili, na makala au somo la Kiswahili lipo kwa ajili ya hilo la pili. Atakuwapo mwingine wa kusema "kutengua" ni neno la Dar es Salaam, si la Kivu ya Kaskazini. Pingamizi hili ni zito zaidi, maana Kiswahili cha Butembo kimekua kando ya Kinande na Kifaransa, na maneno ya ofisi za Tanzania hayafiki huko yenyewe. Hata hivyo umbo la jirani yake, "kutangua", limo katika Mathayo 5:17 kwenye Biblia ya Union Version, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 sioni kwa nini msomaji wa Beni apewe istilahi iliyo maskini kuliko ya jirani zake. Akiona bado ni gumu, "kusahihisha" litamsogeza, ingawa linapoteza wazo la kuondoa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua: kwamba "kukisia" kunaufanya mfumo uonekane wa kubahatisha, na aliyeshindwa atasema kompyuta ilimdanganya. Lakini kukisia ndiko kunakofanyika, na jina la wazi linamsaidia mchezaji kujua mipaka. Makisio yakiwa ya fremu chache, hayaonekani. Yakizidi 7 au 8, pigo la fremu 5 linatokea kwenye skrini likiwa limekwisha kugusa, na hakuna jicho la kulizuia. Kwa hiyo mifumo mingi huchanganya, inangoja fremu 1 au 2 na kukisia zinazobaki. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huchelewesha data zaidi ya fremu 14 kwa safari moja, na huko mtandao wa kukisia hauokoi chochote. Mtu aliyeambiwa "kurudi nyuma" hana njia ya kulifikiria hilo. Aliyeambiwa "kukisia" anauliza mwenyewe: inakisia mbele kiasi gani?

Na kompyuta yake je? Kutengua fremu 6 kunataka mashine ipige hesabu za fremu 7 katika muda uliotengwa kwa moja, ingawa zile za katikati haichori. Hapo mchezo wenye michoro bapa ya miaka ya 2000 una nafuu kuliko michezo mizito ya leo, kwa sababu hesabu za fremu yake ni nyepesi. Kwa mwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini huko Butembo, mchezo wa zamani uliotengenezewa mtandao wa kukisia unaweza kumfaa kuliko mpya wenye mtandao uleule, na kabla ya kununua aulize vitu viwili: data inatumia milisekunde ngapi kufika kwa wale anaotaka kupambana nao, na mchezo unamruhusu kuchagua fremu ngapi za kungoja.