Mlinzi Juu ya Mlango

Sisi wa Tarime na Serengeti twajua kufunga lango la boma kwa magogo na miiba, ng'ombe wasiibwe. Lakini miiba haimzuii pepo; kwa hiyo mataifa mengi wameweka mlinzi wa namna nyingine mlangoni.

Katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, juu ya lango la hekalu huchongwa uso wa Bhoma, wenye macho ya kutokeza na meno marefu, ili pepo wabaya wauogope. Unguja hutauona uso kama huo. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, hawakupenda sanamu. Basi mahali pa uso kizingiti cha juu kikaandikwa aya ya Kurani. (Msomaji atakumbuka kizingiti kilichopakwa damu usiku ule wa Misri.) Katika miimo ukachongwa mnyororo, ambao husemwa kuwa wafunga maovu yasiingie, na chini samaki, alama ya uzazi.

Misumari mikubwa ya shaba ni habari nyingine. Huko India iliwekwa malangoni kuzuia ndovu wa vita. Unguja hawakuwako ndovu hao, ikawa pambo la matajiri tu.

Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 na Sultani Barghash, lina milango ya aya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilibomoka, watu wawili wakafa. Na milango mingine ya mji ule iling'olewa ikauzwa ng'ambo, aya zikiwa juu yake, na nyumba zake zikabaki Unguja.