Kutoka Chunyo hadi Majengo: Historia ya Mzigo na Bega

Magharibi ya mji wa Mpwapwa kuna Chunyo. Hapo misafara ya karne ya 19 iliteka maji yenye chumvi kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika kavu iliyoitenga Mpwapwa na Ugogo. Burton na Speke walipita upande huu mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wazungu hao waliandika kurasa nyingi kuhusu kiu, jua na hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Wapagazi waliobeba karatasi zao, hema zao na shanga zao hawakuandika kitu.

Nimeifuata njia ya wapagazi hao nikiwa na swali moja: mtu akipewa zana ya kumsaidia kubeba, je, mzigo wake hupungua? Swali limepata uzito mpya. Wahandisi wa Japani, Marekani na Ulaya sasa wanauza viunzi vya kuvaliwa, vingine vikiwa na mota na betri, vingine springi tupu, ambavyo hufungwa kiunoni, mapajani au mabegani ili kuupa mwili nguvu ya ziada. Wakati huohuo, katika Soko la Majengo mjini Dodoma, gunia bado linashushwa kwenye Fuso na kutua juu ya bega la mtu.

Mpagazi wa msafara alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho. Vitambaa vilifungwa robota refu la kukaa begani. Waya wa shaba ulining'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Mzigo usiogawanyika ulibebwa na watu wawili kwa mti mmoja. Pembe kubwa za ndovu walipewa wenye miraba minne, na kuzibeba kulikuwa heshima.

Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, hawakuwa watumwa wa msafara. Waliajiriwa kwa ujira na posho ya kila siku. Mzigo uliwekwa kwenye mizani Pwani kabla ya safari, na kila mmoja aliujua wake. Tajiri aliyeongeza uzito au kupunguza posho aliamka akakuta watu wamegoma, au wametoroka usiku. Kwa hiyo kilichomlinda mgongo mpagazi wa Bagamoyo kilikuwa makubaliano, pamoja na uwezo wake wa kuutua mzigo na kukataa kuunyanyua tena.

Wageni walijaribu sana kumkwepa mtu huyu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alifika Mpwapwa na maksai, akarudi na matumaini. Msafara wa magari ya ng'ombe uliofuata mwaka 1877 ulimalizwa na mbung'o. Alexander Mackay alichonga barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na maksai wake nao wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akagharimia tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani na kuelekezwa bara. Wakafika Mpwapwa, kisha wakafa mmoja baada ya mwingine. Kila mara mzigo ulirudi kwenye bega lilelile.

Mwaka 1890, wakati Waingereza na Wajerumani wakigawana mamlaka katika pwani hii, Nicholas Yagn wa Urusi alipata hataza Marekani kwa kifaa cha kurahisisha kutembea, kukimbia na kuruka. Zilikuwa springi ndefu zilizopinda kama upinde, zikienda sambamba na miguu, zikipokea uzito wa mwili kila hatua na kuurudisha. Hakuna ushahidi kwamba kilitumika. Hata hivyo wazo lake ndilo linaloongoza viunzi vya leo: uzito upitishwe kando ya mfupa na msuli, ushuke ardhini kwa njia nyingine.

Mwili wa mbebaji aliyezoea hufanya jambo la namna hiyo wenyewe. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda wa kipaji. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza siri yake: wakiwa na mzigo, mwendo wao huhifadhi nguvu ya hatua moja na kuitumia katika hatua inayofuata zaidi kuliko wanavyofanya wakiwa mikono mitupu. Lakini kwa mtu wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12 tu. Frasila mbili ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango hicho. Ustadi una mpaka, na biashara ilianzia pale mpaka ulipoishia.

Njia ya misafara ilipita Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma ya leo. Mji wa Dodoma wenyewe ulikuzwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Behewa moja lilichukua shehena iliyohitaji mamia ya wapagazi. Ungedhani hapo ndipo mabega yalipopumzika.

Mwaka huohuo wa 1914 ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na kila palipokosekana reli, jeshi lilivaa watu. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi karibu milioni moja, na inakadiriwa kwamba takriban 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Ugogo, iliyonyang'anywa nafaka, ng'ombe na vijana, ikaangukia njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa ya kweli kupita ilivyokusudiwa: mguu hauulizwi kama umechoka. Zile haki za msafara, mzigo uliopimwa, posho na ruhusa ya kukataa, zilikuwa zimefutwa kwa amri. Mwaka 1919, vita ikiwa imekwisha, Leslie Kelley wa Marekani akapewa hataza ya mashine ya mvuke ya kuvaliwa mgongoni, ya kumsaidia mtu kukimbia.

Gari la leo kutoka Mpwapwa huzungukia Kongwa, na Kongwa ina funzo lake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta huko matrekta, mengine yakiwa yameundwa kwa vifaru vya Sherman, ili kulima karanga. Mibuyu na udongo mkali uliokauka kama saruji vilizila zana hizo, mvua zikakosekana, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36. Hesabu zilikuwa zimefanywa London kabla ya mtu kuuliza ardhi ya Kongwa ikoje.

Kampuni ya General Electric nayo ilianza mwaka 1965 kuunda Hardiman, kiunzi cha chuma cha kumwezesha mtu kuinua kilo 680. Chenyewe kilikuwa na uzito wa karibu kilo 680. Kilipojaribiwa kizima kilitikisika ovyo, kikawa hatari kwa anayekivaa. Mkono mmoja tu ndio uliowahi kufanya kazi ya maana. Wahandisi wakajifunza kupunguza tamaa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba springi na kishikizo vya kufungwa kwenye kifundo cha mguu, bila betri, hupunguza nguvu inayotumika kutembea kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Ford ilipanua mpango wa kuwavisha mafundi wa viwandani fulana za springi zinazoshika mikono iliyoinuliwa. Viunzi vya kiunoni, kwa mujibu wa tafiti, hupunguza kazi ya misuli ya mgongo kwa asilimia 10 hadi 40, ingawa hubana kifua na mapaja. Vyenye mota vya kuwatembeza waliopooza bado huuzwa makumi ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo tuseme fulana ya springi imefika Majengo. Itakuta nini? Itakuta jua la Dodoma, vichochoro vyembamba, na mtu anayelipwa kwa gunia, si kwa saa. Itakuta pia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Kanuni za vipimo za Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa kwa miaka. Hata gunia halali ni karibu maradufu ya kilo 55 ambazo Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayejaza lumbesa haibebi.

Wasiwasi wangu uko hapo. Mgongo ukipata nafuu ya asilimia 20, tajiri mwenye mzigo atakuwa wa kwanza kuiona, naye anajua kushona gunia juu zaidi. Reli ilifuta safari ya miezi mitatu, lakini hatua mia za mwisho, kutoka kwenye lori hadi kwenye kibanda, zikabaki kwa mtu, na huko ndiko uzito ulikoruhusiwa kupanda kutoka kilo 32 hadi 100 na zaidi. Zana haikumdhulumu mbebaji. Alidhulumiwa pale ambapo aliyeamua uzito hakuwa yeye, na hakukuwa na mizani katikati yao.

Viunzi hivi vinastahili kukaribishwa, hasa hivi vya springi ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza na kuvikarabati. Vije, lakini vitanguliwe na mambo mawili waliyokuwa nayo wapagazi wa Bagamoyo: mzigo uliopimwa mbele ya mbebaji, na mbebaji mwenye nguvu ya kusema hapana bila kupoteza riziki. Chama cha wabeba mizigo kinachomiliki vifaa vyake na kupanga kikomo cha gunia kitavuna nafuu ya springi. Bila hicho, nafuu hiyo itavunwa na mwenye gunia.