Kamera ya Video ya Kwenye Boti: Tulifikaje Hapa?

Wiki hii nimepewa kazi isiyohusu kuandika programu. Binamu yangu ni nahodha wa boti ya watalii huko Kilifi, na amenituma nimchagulie kamera ya video isiyoogopa maji. "Si wewe ndiye uliyesomea kompyuta?" ananiambia, kana kwamba digrii ya kompyuta inafundisha bahari! Lakini nilipoanza kusoma historia ya kamera hizi nilipata jibu la jambo lililonikera tangu utotoni.

Desemba 2009, nikiwa darasa la sita, mjomba alikuja likizo na kamera ya kanda za MiniDV. Tukapanda mashua ya babu. Ili kamera isilowe, tuliifungia ndani ya kasha la barafu pamoja na soda. Babu akatweka tanga, nami nikaitoa haraka, nikabonyeza... ikaonyesha alama ya unyevu, ikakataa katakata kurekodi. Na haikuwa imeguswa na tone moja la bahari! Babu alifariki mwaka uliofuata. Hatuna hata sekunde moja ya video yake akiwa baharini.

Sasa tuanze mbali kidogo. Kuzuia maji yasiingie kwenye chombo ni tatizo lililopata dawa zamani. Mwaka 1939 Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alipata hataza ya oringi, kile kipete cha mpira ambacho kila fundi wa pampu anakijua. Baadaye Mbelgiji Jean de Wouters, akishirikiana na Jacques Cousteau, alibuni kamera ya Calypso. Nikon wakaichukua na mwaka 1963 wakaitoa kwa jina la Nikonos. Mwili wake wenyewe ulizuia maji, bila kasha la nje. Familia hiyo ya kamera ilidumu hadi 2001. Lakini zilikuwa za picha za mnato tu.

Kwa nini basi video ilichelewa? Kwa sababu ya kanda. Ndani ya kamera ya kanda mna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka kwa kasi kubwa, na kanda huizunguka huku ikivutwa na mota. Umande ukitanda kwenye ngoma, kanda inanata na huweza kuharibika. Ndiyo maana watengenezaji waliweka kihisi cha kuzima kila kitu unyevu unapoonekana. Yale ya mashua ya babu nimeyaelewa sasa: kamera ilitoka baridi kwenye barafu, ikakutana na hewa ya pwani, ikatoka jasho kama chupa ya soda. Sisi wenyewe ndio tuliiharibia kazi.

Makasha ya kuzamisha kamera za kanda yalikuwepo, lakini yalikuwa makubwa, na kanda ya dakika 60 ikiisha ilibidi ufungue kasha palepale kwenye mawimbi.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo iliyobadilisha mambo. Hakuna ngoma, hakuna mota ya kanda. (Sisi waandishi wa programu tunajua raha ya kufuta sehemu nzima yenye matatizo badala ya kuirekebisha!) Mwaka 2007 Sanyo walitoa Xacti E1, iliyoruhusiwa kuzama mita 1.5. GoPro ya Nick Woodman, mpanda mawimbi, ilianza 2004 na filamu ya milimita 35. Mwaka 2006 ikaweza video ya sekunde 10, na 2009 ikafikia 1080p ndani ya kasha. Ilipofika 2016, HERO5 Black ilizama mita 10 bila kasha lolote.

Kuna mtego mmoja hapa. Alama za IP zinatokana na kiwango cha IEC 60529, kilichotoka mara ya kwanza 1976. IPX7 maana yake ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, katika maji matamu yaliyotulia. Boti haikai hivyo! Boti inarusha maji kwa nguvu, na hiyo hupimwa na IPX5 na IPX6, vipimo tofauti kabisa. Kamera inaweza kufaulu 7 bila kuwahi kupimwa 6. Na chumvi haimo katika kipimo chochote kati ya hivyo.

Kwa hiyo nimemwambia binamu atafute iliyoandikwa namba zote mbili, yenye milango michache, na aifunge kiboya kwa sababu nyingi huzama kama jiwe. Kila jioni aisuuze kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, milango ikiwa imefungwa, kisha aangalie oringi kama ina mchanga au unywele. Na asiiweke kwenye barafu. Hilo nimelirudia mara tatu kwenye simu.