Noeli ya mwaka 1897 na Eklezya yetu ya Kisangani

Kila jimbo lina siku yake ya kuzaliwa. Siku yetu sisi wa Kisangani ni Noeli yenyewe. Tarehe 25 Desemba 1897, Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Maporomoko ya Boyoma. Inafaa tujiulize: misioni hiyo ilizaliwa kati ya watu gani, na ni kitu gani kilichowavuta kwa Kristu?

Tukumbuke kwanza namna fasi hii ilivyokuwa. Kabla ya mapadri kufika, Boyoma ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu. Wafanyabiashara waliotoka Zanzibar walikuwa wamejenga makao yao hapa, na mwaka 1887 Serikali ya Léopold II ilimfanya mkubwa wao, Hamed bin Muhammed aitwaye Tippu Tip, kuwa liwali wa Maporomoko. Vita vya miaka 1892 hadi 1894 vilivunja utawala huo. Kiswahili tunachohubiri nacho kilifika pamoja na misafara yao. Lugha iliyotumika kumuuza mtu ndiyo iliyokuja kumfundisha mtu huyo kusali Baba Yetu.

Vita na utumwa viliacha watoto wengi wasio na baba wala ukoo. Amri ya Serikali ya mwaka 1892 iliruhusu misioni kuwapokea na kuwalea, na watoto wa namna hiyo walikuwa kati ya wakristu wa kwanza wa nchi hii. Lakini tuseme ukweli wote, maana Mungu hapendezwi na historia iliyofichwa. Bula Matari aliyejisifu kukomesha utumwa ndiye aliyewapiga wanakijiji mijeledi ili walete mpira. Tena si kila mtoto aliyeandikwa yatima alikuwa yatima kweli. Wema ule ulikuwa na kivuli chake.

Hata hivyo ulikuwa wema. Mtoto aliyenyang'anywa kwao hakuelewa kwanza fumbo la Mwana wa Mungu kujifanya mtu. Alielewa chakula, mkeka, na mkono wa kumshika wakati wa homa. Katekisimu ilifuata nyuma. Na Noeli ndiyo habari hiyo hiyo: Mwana wa Mungu mwenyewe alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, akategemea wema wa watu kama mtoto ye yote.

Miaka 67 ilipita. Mwezi wa Agosti 1964 Wasimba waliuteka mji wetu, uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Tarehe 26 Novemba aliuawa Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Wamisionari wengi waliuawa siku zile, na pamoja nao Wakongomani maelfu ambao majina yao Mungu peke yake anayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, aliuawa Sista Marie-Clémentine Anuarite, wa shirika la Jamaa Takatifu. Noeli ya mwaka ule ilikuta misioni nyingi hazina padri.

Sote tunakijua kifo cha Anuarite, na tunajua kwamba alimsamehe Kanali Olombe aliyemuua. Lakini huko Bafwabaka, kabla ya usiku ule, alikuwa nani? Alikuwa mwalimu wa watoto, mtunzaji wa sakristia, msaidizi wa jikoni. Tunatazama damu yake na kusahau sufuria zake. Mtu hajifunzi kusamehe kwa usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa, naye alimsamehe mwuaji kwa jina la Eklezya. Sikukuu ya Anuarite, tarehe 1 Desemba, huangukia mlangoni mwa Majilio, kana kwamba yeye ndiye anayetuongoza kwenda Betlehemu.

Na sisi je? Tangu mwezi wa Februari 2023, ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga, ugomvi wa ardhi uliwagombanisha Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walivuka mto kutafuta usalama. Tukumbuke kwamba katika makabila yote mawili wamo wabatizwa, wanaokula Mkate mmoja. Hapo imani yetu ilipimwa, na bado inapimwa.

Kwa hiyo, padri anayetayarisha Noeli asitazame kwaya na mapambo tu. Amwulize katekista: katika mtaa wetu ni nani aliyekimbia kwake, na ni nani aliyempokea? Mama mkristu apeleke sahani ya lituma na samaki kwa jirani wa kabila lile lingine, tena apeleke mwenyewe, asitume mtoto. Mseminari aketi mezani na mwenzake ambaye wazee wa kwao wanamwita adui. Haya ni mambo madogo. Lakini Eklezya yetu ilianza kwa mambo madogo kama hayo, siku ya Noeli, kati ya watu waliokuwa wameuzwa na kununuliwa, na haina njia nyingine ya kuendelea.